Zoezi la Kupiga Mipaka Pindlow ya Juu

Napenda kuutangazia umma, kwa niaba ya Halmashauri ya Kijiji cha Pindlow ya Juu, kwamba Zoezi la Kupiga Mipaka limekamilika kwa mafanikio makubwa, kwamba mipaka yote ya kijiji sasa inajulikana, na kwamba maneno yanayosemwa baani kuhusu bafu la Mwenyekiti ni ya kweli lakini yamekosa muktadha. Muktadha nitautoa mimi, Enid Tapscott, Katibu wa Halmashauri, niliyekuwepo tangu jiwe la kwanza hadi la mwisho, na niliyegongeshwa kichwa kwenye mawe yote isipokuwa moja.

Kijiji chetu ni cha kihistoria. Wakati Waingereza walipopigana wenyewe kwa wenyewe, majeshi yote mawili yalipita hapa, na hakuna lililosimama kwa sababu baa ilikuwa imefungwa. Mfalme mmoja aliwahi kutuuliza njia. Tuko bondeni, na jirani zetu wa Pindlow ya Chini wako juu ya kilima. Wageni huuliza imekuwaje. Suala hilo liko kwenye kamati tangu enzi za babu yangu, na hatupendi kuiharakisha kamati.

Kila Agosti tunafanya Maonyesho ya Mboga kwenye uwanja wa kijiji. Kuna hema, kuna chai, kuna keki ya karoti ambayo hatumtaji aliyeioka kwa sababu za usalama wake. Kilele cha siku ni boga kubwa kuliko yote. Mshindi hupigwa picha na boga lake, na picha hutundikwa ukumbini mwaka mzima, ukutani, mkabala na kiti cha Mwenyekiti. Kwa hiyo kwa miaka mingi Mwenyekiti wetu, Bwana Lionel Crake-Hornsby, ameendesha vikao vyote akitazamana na Bi Hetty Brockle amekumbatia boga.

Mwenyekiti si mtu wa kijicho. Ni mtu wa viwango. Alistaafu kutoka kwenye mambo ya bima, akanunua Nyumba ya Kinu kando ya kijito, akaiongezea upande mzima mpya wenye madirisha makubwa, na nyuma yake akajenga kibanda cha vioo kwa ajili ya boga lake. Humo boga lilikuwa likilala juu ya godoro, kwenye joto la kupimwa, likipigiwa muziki wa fidla. Boga la Bi Hetty lilikuwa likilala matopeni, likinyweshwa maji ya kuoshea vyombo, na likitukanwa kila asubuhi. Hata hivyo ndilo lililokuwa likishinda. Mwenyekiti aliunda kamati kuchunguza hali hiyo. Kamati ikarudi na majibu kwamba boga la Bi Hetty ni kubwa zaidi. Kamati ikavunjwa.

Ndipo, mwishoni mwa Julai, Mwenyekiti akaitisha kikao cha dharura.

"Waheshimiwa," alisema, akiwa amesimama ili picha ya ukutani iwe mgongoni mwake, "mababu zetu walikuwa wakizunguka mipaka ya kijiji hiki kila mwaka, wakiyapiga mawe ya mpaka kwa fimbo na kuomba baraka. Sisi tumeacha. Ndiyo maana vijana siku hizi hawasalimii. Napendekeza tuifufue mila hii kabla ya Maonyesho."

Diwani Des Tully, mwenye baa ya Kulungu Mweupe, mtu mnene asiyejua kunong'ona, akainua mkono.

"Mwenyekiti, mimi sijasoma sana. Hii ni habari ya boga?"

"Diwani Tully, hii ni habari ya urithi."

"Sawa, nimeelewa. Urithi wa boga."

Niliandika kwenye kumbukumbu kwamba Diwani Tully aliunga mkono urithi.

Yakapitishwa maazimio mawili kwa kauli moja. La kwanza: kuanzia mwaka huu, mboga itakayoingia mashindanoni ni ile tu iliyooteshwa ndani ya mipaka ya kijiji. La pili: mpaka unanyooka kutoka jiwe hadi jiwe, na wapiga mipaka watanyooka nao, bila kupinda, bila kuzunguka, na bila kumwonea mtu haya.

"Na wakubwa je?" Des akauliza. "Au sheria ni ya mboga peke yake?"

Mwenyekiti akacheka kicheko kile anachowachekea watu wa baani. "Hata wakubwa! Andika, Enid. Asiyelala ndani ya mipaka yetu asituongoze ndani ya mipaka yetu." Akapiga makofi. Tukamsaidia.

Kesho yake nilitumwa kwa Bi Hetty kumpa taarifa rasmi. Nyumba yake ni ya mwisho kabisa, ukingoni mwa kijiji, ambako bustani inaishia kwenye vichaka vya miiba na vichaka vinaishia kwenye malisho ya kondoo. Bi Hetty ni mjane, zamani aliendesha gari la maziwa, na mikono yake bado ni mikono ya mtu wa kubeba makreti. Alizaliwa Pindlow ya Chini akaolewa huku, na yapata miaka arobaini sasa tunamwita "yule mgeni", kwa upendo.

Nilimkuta ameinama juu ya boga.

"Umelala tu!" alikuwa akilifokea. "Jua limetoka, wenzio wananenepa, wewe umejibweteka hapo kama gunia la viazi! Huna hata aibu!" Kisha akaniona. "Karibu, Enid mwanangu. Utakunywa chai?"

Nilimwambia nimekuja kikazi, kwa hiyo nitakunywa kikombe kimoja tu. Nikamsomea maazimio. Nikamfafanulia kwamba, kwa maoni ya kitaalamu ya Mwenyekiti, upo uwezekano mkubwa wa bustani yake kuwa nje ya mpaka.

"Bustani tu?"

"Na nyumba."

Akaweka chini birika. "Kwa hiyo nitakuwa naishi wapi?"

"Hapa hapa. Ila hapa patakuwa pengine."

Nikamweleza athari zake kwa utaratibu. Hatakuwa na kura. Hatakuwa na kiti kikaoni. Boga halitashindana. Na kwa kuwa makaburi ya kanisa letu ni ya wakazi, siku yake ikifika, asiye mkazi hazikwi pale ila kwa maombi maalumu.

Nje kuku walikuwa wakigombana.

"Mume wangu Albert yuko pale," alisema Bi Hetty. "Nimejiwekea nafasi upande wake wa kushoto, kwa sababu sikio lake la kulia lilikuwa halisikii. Sasa mnataka alale peke yake, kwa ajili ya boga?"

"Bi Hetty, suala hilo linaweza kupelekwa—"

"Usiniambie kamati, Enid. Nakuheshimu, usiniambie kamati."

Sikumwambia. Nilikunywa chai yangu, nikaongeza kikombe cha pili nje ya utaratibu, nikaenda zangu. Njiani macho yalikuwa yakiniwasha, nadhani ni vumbi la mavuno.

Siku ya Zoezi ilinyesha mvua, ambayo kwetu ni dalili kwamba jambo limeanza rasmi. Walikuja watu wengi kuliko tulivyotarajia, wamevaa mabuti ya mpira, na fimbo mikononi. Mchungaji Fenella Marsh, mwanamke mrefu mwenye mafua ya kudumu, alisoma sala fupi. Mwenyekiti alisoma hotuba isiyo fupi. Kisha tukaanza.

Hapa inabidi nieleze habari ya kichwa changu. Zamani, kwenye kila jiwe, walipinduliwa wavulana na kugongeshwa vichwa, ili wakumbuke mpaka hadi uzeeni. Mwongozo wa usalama hauruhusu tena jambo hilo. Mwenyekiti akaona ni busara agongeshwe mtu mwenye ajira ya kudumu. Nilipewa mto mdogo wa sofa. Kwenye kila jiwe Des alinishika miguu, Mchungaji akanishika mabega, nikapinduliwa, nikagongeshwa taratibu, na umma ukapaza sauti: "Kumbuka!" Nikawa nakumbuka. Ndiyo sababu naweza kuthibitisha kwamba mawe yetu yote yanafanana: ya kijivu, kimo cha goti, yamechongwa herufi P na msalaba mdogo juu yake. Mengi hakuna aliyewahi kuyaona, kwa sababu miiba ilikuwa imeyafunika tangu watu walipoacha kuyazunguka.

Tulinyooka kama azimio linavyotaka. Tulipita katikati ya bwawa la bata. Tulipita juu ya chungu ya samadi ya ng'ombe. Aliyejaribu kuzunguka, Mwenyekiti alimrudisha kwa filimbi. "Mababu zetu hawakuzunguka!" alikuwa akisema, maji yakimtiririka kwenye ukingo wa kofia. Sijawahi kumwona mwenye furaha kiasi kile.

Tukafika kwa Bi Hetty. Mwenyekiti akaongoza kwa ukakamavu, akaingia kwenye maharage yake, akayavunja mstari mzima, akasimama katikati na kuchomeka fimbo ardhini.

"Mpaka unapita hapa," alitangaza. "Nyumba nje. Kuku nje. Boga nje. Pole sana, Bi Brockle. Siyo mimi ninayesema. Ni historia."

Bi Hetty alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake, mikono kifuani. "Historia ina sauti kama yako kabisa," alisema.

"Na jiwe liko wapi?" Mchungaji akauliza, akipenga kamasi.

"Limepotea. Hilo liko wazi."

"Samahani, Mwenyekiti. Mimi nilidhani ndilo tunalolitafuta."

Kukawa na minong'ono. Mwenyekiti akasema muda umekwenda, lakini Des alikuwa amekwisha kuvuka bustani yote, akipita pembeni ya boga kwa adabu, na kuzama kwenye vichaka vya mwisho. Tulisikia matawi yakivunjika. Tukasikia maneno yasiyofaa kuandikwa kwenye kumbukumbu.

"Nimelipata!" alipiga kelele. "Na upupu umenipata mimi!"

Tukakimbilia. Ndani ya miiba, mbali kabisa na boga, upande wa malisho, lilikuwepo jiwe: la kijivu, kimo cha goti, P na msalaba. Bustani yote ilikuwa ndani ya kijiji, nyumba ndani, kuku ndani, boga ndani, na nafasi ikabaki ya kulima viazi.

Bi Hetty akaligusa kwa vidole. "Albert alikuwa akikalia hili akivuta kiko," alisema. "Kabla miiba haijalimeza. Nilidhani ni jiwe tu." Akageuza ndoo, akaikalia, akajifuta uso kwa aproni. Watu wote wakatazama kondoo, kama ilivyo desturi yetu mtu anapolia.

Utaratibu, hata hivyo, hauna budi kuendelea. Des akanishika miguu, Mchungaji mabega, nikapinduliwa. Na hapo, kichwa chini, pua ikiwa karibu na ile P, nikakumbuka jambo. Kazi ya Katibu ni kusaidia. Nikasaidia.

"Mwenyekiti," nilisema, "hili ni pacha wa lile la sebuleni kwako."

"Lipi?" akasema Mchungaji.

"Lile analoweka jibini juu yake wakati wa Krismasi."

Kila mtu pale alikuwa amewahi kulishwa jibini juu ya jiwe lile. Lilikuwepo uani Mwenyekiti alipoinunua Nyumba ya Kinu, akalipenda, akaamuru upande mpya wa nyumba ujengwe kulizunguka. Huwaambia wageni kwamba yule mfalme aliyeuliza njia alilikanyaga akipanda farasi, na hulimulika kwa taa ndogo.

"Mawe ni mengi duniani, Enid," alisema Mwenyekiti polepole.

"Yenye P na msalaba?" akauliza Des, akiendelea kunishikilia miguu.

"P ni herufi ya kawaida sana."

"Naomba nishushwe," nilisema.

Tukasimama kwenye jiwe la Bi Hetty tukatazama mbele, mpaka unakonyooka. Kulikuwa na malisho, kondoo, kijito. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na madirisha makubwa ya upande mpya wa Nyumba ya Kinu, yametukodolea macho.

Mwenyekiti akapiga filimbi. Akasema Zoezi limekuwa na tija kubwa, kwamba wadau wameloa, na kwamba anapendekeza liahirishwe hadi upatikane upembuzi yakinifu. Na kama kuna ulazima wa kuendelea, basi tupite barabarani, kwenye lami, tukazunguke.

Bi Hetty akainuka kwenye ndoo.

"Tuzunguke?" alisema. "Maharage yangu yamelala kule chini yamevunjika viuno kwa sababu mababu hawakuzunguka. Haya, Mwenyekiti. Twende tukinyooka. Mimi mwenyewe nitatangulia, na umri huu."

Akachukua fimbo ya Des, akavuka ua, akaingia kwenye malisho. Kondoo walimpisha. Sisi sote tukafuata, na Mwenyekiti akafuata nyuma yetu, akitembea kama mtu anayesindikizwa kituoni.

Tukavuka kijito. Dirisha la sebule ya Mwenyekiti lilikuwa wazi. Bi Hetty alisita kidogo akapangusa mabuti kwenye nyasi, akapandisha mguu, akaingia. Tukaingia mmoja mmoja, kila mtu akiomba radhi kwa zulia. Jiwe lilikuwa pale, na taa yake, na juu yake bakuli la karanga. Mchungaji akaondoa bakuli. P na msalaba.

"Kumbuka!" watu wakasema, lakini kwa sauti ya chini, kwa kuwa tulikuwa ndani ya nyumba ya mtu.

Des akaanza kunikunjia mikono ya shati. Bi Hetty akamzuia. "Mwacheni Enid, kichwa chake kimefanya kazi ya kutosha leo. Mwenye nyumba ndiye anayestahili heshima." Mwenyekiti alitaja mgongo, alitaja moyo, alitaja kifungu cha kanuni. Kisha akapinduliwa. Kuna sarafu chache zilidondoka mfukoni mwake, na filimbi. Nathibitisha kwamba aligongeshwa kwa upole, na kwamba Des hakukusudia kurudia.

Jiwe linalofuata liko njiani kuelekea kanisani, na linaonekana vizuri kutoka sebuleni, mradi utazame kupitia mlango, ukumbi mdogo, na bafu. Tulinyooka. Mchungaji ndiye aliyebisha mlango wa bafu.

"Nani?" ikaitika sauti.

"Ni kijiji, Prudence," alisema Mchungaji. "Tunapiga mpaka. Tunaweza kupita?"

Mke wa Mwenyekiti, Bi Prudence, ni mwanamke mtulivu ambaye tangu aolewe hajawahi kumaliza sentensi mbele ya mumewe. "Ngojeni nivute povu," alisema. Tukangoja. "Haya, piteni. Lakini mfunge mlango, upepo unaingia."

Tukapita kwa mstari, macho kwenye dari, kila mtu akisema "Habari za asubuhi", naye akijibu "Nzuri" mmoja baada ya mwingine hadi mumewe.

"Lionel," alisema, "mbona una majani kichwani?"

"Nitakueleza baadaye, mpenzi."

"Nani yuko upande gani?" Bi Prudence akawauliza wengine.

Des, aliyekuwa amekwama dirishani, akamweleza kwa dhati. Mstari unapita katikati ya sebule. Mkono huu, jiko na chumba cha mabuti: Pindlow ya Juu. Mkono ule, bafu karibu lote, chumba cha kulala na kibanda cha vioo: Pindlow ya Chini.

"Kumbe mimi hapa naoga Pindlow ya Chini," alisema Bi Prudence.

"Na unalala huko, mama. Wewe na Mwenyekiti wetu. Na boga lenu."

Bi Prudence akawaza. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mpaka maji yakamwagika sakafuni, ambako, kwa usahihi wa kumbukumbu, yalivuka mpaka.

Maonyesho yalifanyika kama yalivyopangwa. Boga la Mwenyekiti halikuingia, kwa kuwa lilikuwa la kigeni. Boga la Bi Hetty lilibebwa na wanaume wanne na kushinda bila kupingwa sana. Alipoitwa kupigwa picha alishika maikrofoni, akatushukuru, akasema ameshakwenda kumweleza Albert matokeo, upande wa kushoto, na kwamba kuanzia sasa mtu akimwita mgeni atamrushia chupa ya maziwa. Tukapiga makofi sana. Mimi nilipiga kwa nafasi yangu binafsi.

Lilibaki suala la uongozi. Asiyelala ndani asituongoze ndani. Baadhi ya wadau, hasa wa baani, walidhani Mwenyekiti atajiuzulu. Hawamjui. Kiongozi wa kweli hakimbii wananchi wake. Jioni ile ile ya Maonyesho alikivuta kitanda cha kukunja, akakiweka jikoni, kati ya jiko na friji, akanialika nije kukagua. Nilipima. Kichwa chake kilikuwa Pindlow ya Juu, na miguu pia, mradi asijinyooshe. Nikatoa cheti.

"Prudence atanifuata kesho," aliniambia, akivuta blanketi. "Anakusanya vitu vyake."

Bi Prudence hakukusanya kitu. "Mimi kitanda changu nakipenda," alisema kutoka ng'ambo. "Kipo kwenye kijiji kizuri. Kina hewa ya kilimani."

Jumapili alikwenda kilimani kujitambulisha. Pindlow ya Chini walimpokea kwa biskuti. Waliposikia amekaa miaka yote hiyo akisikiliza hotuba za Mwenyekiti wetu bila kulala, wakaona huyu ana uvumilivu wa kiutawala. Kiti chao kilikuwa wazi, kwa kuwa aliyekuwa nacho alihamia kwa binti yake ufukweni. Wakamwomba. Mwezi haukuisha, Bi Prudence Crake-Hornsby akawa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Pindlow ya Chini, akaanza kumaliza sentensi zake, na nyingi zilikuwa nzuri. Azimio lake la kwanza lilihusu uimarishaji wa mpaka. Nimelisoma. Kama Katibu, nakiri limeandikwa vizuri kuliko yetu.

Mimi hupeleka majalada Nyumba ya Kinu kila Jumatatu asubuhi. Juzi nilimkuta Mwenyekiti sebuleni, amesimama upande wetu wa jiwe, amevaa gauni la kulalia, taulo begani na sabuni mkononi. Nywele zake zilinata. Alinipa ishara ningoje, kwani alikuwa katikati ya mazungumzo ya kidiplomasia. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa, na nyuma yake maji yalikuwa yakifunguliwa.

"Hodi," alisema.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Alinitazama. Nikatazama jalada.

"Mwenyekiti wa Pindlow ya Juu," alisema.

"Ooh, karibu sana, Mheshimiwa. Tukusaidie nini?"

"Naomba kuvuka. Nataka kuoga."

Tulisikia mguu mmoja ukiingia majini, kisha wa pili, kisha mtu akijilaza kwa raha zake zote.

"Ombi lako limepokelewa," alisema Bi Prudence. "Kamati inakutana Alhamisi."